Ufahamu wa Kiingereza, na Habari za Bibi

Bweni la wasichana, 13 Oktoba

Shikamoo Shangazi Guiping,

Mafua yamekwisha? Baba alisema ulipopiga simu ulikuwa unaongea kama mtu aliyebanwa pua na mlango. Mimi mzima. Baba yuko kijijini na miti yake ya pilipili, ile ya kutia ganzi ulimi, mikono imejaa miiba yake kama kila mwaka. Mama bado yuko kiwandani Ningbo, anashona mifuko ya makoti, mifuko tu, koti lenyewe hajawahi kulishona. Bibi yuko vilevile. Anagombana na kuku, anagombana na Baba, na akiwakosa wote anagombana na redio.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zetu zimefungiwa kabatini kwa mwalimu wa darasa mpaka mtihani wa taifa upite. Simu ya bweni iko moja, foleni yake inashinda ya bwaloni, na ukianza kulia wote walio nyuma yako wanasikiliza. Bora barua.

Jambo lenyewe ni hili, Shangazi. Kiingereza kinanimaliza. Hesabu niko sawa, Kichina niko sawa, lakini ufahamu wa Kiingereza nimepata ishirini na mbili kati ya hamsini. Mwalimu Kou alizisoma alama zangu mbele ya darasa zima, kisha akasema, "Xin Yanqiu, ungefumba macho ukachagua C mwanzo mpaka mwisho, ungepata zaidi." Walicheka wote, hata Miaomiao, ambaye analala kitanda cha juu yangu na mimi ndiye ninayemfulia soksi akiumwa.

Nikibaki hivi, chuo cha Xi'an nisahau. Na mimi sitaki kwingine. Nataka nije huko uliko, Jumapili niwe nakuja kwako unipikie tambi.

Baba anasema vitabu vya mazoezi vinavyotutesa, wewe ni mmoja wa wanaovitunga. Ni kweli? Kama ni kweli nina maneno na wewe.

Mwanao,
Yanqiu


Xi'an, 3 Novemba

Marahaba mwanangu Qiu,

Mafua yamekwisha, asante. Kazi ndiyo haiishi. Paka wa jirani amehamia kwangu, na jirani hajaja kumdai, kwa hiyo nadhani ni wangu. Mwambie Bibi yako nakula vizuri na navaa soksi mbili. Akiuliza kama nimepata mchumba, mwambie barua iliishia hapo.

Ni kweli. Ukitaka kumlaani mtu, nilaani mimi. Tunakaa ghorofa ya saba, watu wachache tu, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Tunachukua habari kutoka kwenye magazeti ya huko ng'ambo, tunaikata mpaka ibaki fupi, tunang'oa kila neno ambalo wanafunzi hawajafundishwa, kisha tunatunga maswali. Jibu la kweli ni rahisi kuliandika. Kazi iko kwenye yale matatu ya uongo. Uongo wa kijinga mwanafunzi anauruka. Uongo mzuri una robo tatu ya ukweli ndani yake. Miaka kumi na sita nafanya hivi, na wakubwa wananisifu kwamba uongo wangu ndio unaoangusha watoto wengi zaidi.

Kosa lako nalijua bila kuiona karatasi yako. Unajibu kwa moyo. Unasoma habari ya mzee fulani, unamfikiria mzee unayemjua, kisha unajibu kwa niaba ya huyo wako. Acha. Jibu limo ndani ya kifungu. Kama mwandishi hakulisema wala hakulionyesha, halipo, hata kama wewe unajua ni kweli. Na yale maswali ya kukisia mnayoyaogopa hayana uchawi. Tazama alichokitaja mwandishi bila sababu. Watu hawataji vitu bure.

Nimekuwekea vifungu vitatu humu, vya kitabu kipya. Usimwonyeshe Mwalimu Kou. Nijibu, nitakusahihishia.

Shangazi yako,
Guiping


Bweni la wasichana, 1 Desemba

Shikamoo Shangazi,

Huku theluji imeanguka, maji ya kunawia yanaganda kwenye beseni. Nilikwenda nyumbani mapumziko ya mwezi, siku moja na nusu, nusu yenyewe iliishia kwenye basi. Bibi alinipikia tambi za maji ya mboga chachu, nikala bakuli tatu nikashindwa kuinama kuvaa viatu.

Nilimtafsiria kile kifungu chako cha pili tukiwa tumekaa juu ya kitanda cha udongo, moto umewashwa chini. Kile cha Bwana Harris, mzee anayeishi kando ya ziwa na mbwa wake, anaanguka kwenye barafu, anavunjika mkono, halafu anamwandikia mwanawe kwamba kila kitu ni shwari na mbwa anakusalimu. Swali: kwa nini hakumwambia mwanawe? Nikamsomea Bibi majibu yote manne.

Bibi akasema, "Kwanza huyo kavunjika mkono, barua kaandika na nini?"

Nikamwambia, "Bibi, chagua jibu."

"Nachagua la tano."

"Hakuna la tano."

"Basi aliyetunga hajui kazi. Na huyo mtoto naye, mbona haji kuangalia? Mpaka aandikiwe? Mimi nikikohoa huku, jirani anasikia."

Nikamwambia aliyetunga ni Shangazi Guiping. Akasema basi kifungu ni kizuri, maswali ndiyo mabaya.

Mimi nilichagua C, kwamba mzee alikuwa amemkasirikia mwanawe. Nimekosa, si ndiyo? Lakini vile vingine viwili nimepata karibu vyote.

Utakuja Mwaka Mpya wetu wa Kichina? Bibi hajaniambia nikuulize. Ananitazama tu ninapoandika.

Yanqiu


Xi'an, 5 Januari

Qiu mwanangu,

Nimechelewa kukujibu, nisamehe. Tuko kwenye vitabu vya miezi ya mwisho, vile vya mbio za kuelekea mtihani, na kiwanda cha uchapaji kinavitaka kabla watu hawajafunga kazi kwa sikukuu. Nakula kazini, nikirudi nyumbani paka ananitazama kama mgeni.

Jibu ni B. Mwanawe alikuwa na shughuli nyingi, na mzee hakutaka kumtia wasiwasi. Kwenye kifungu imeandikwa kwamba mwana ametoka tu kuanza kazi mpya mjini. Hilo halikutajwa bure. Hasira haimo popote, umeitoa kwako. Mwambie Bibi yako asiingilie kazi za watu. Halafu mwambie nimecheka peke yangu hapa mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama naumwa.

Kuhusu mtoto kwa nini haji kuangalia, swali hilo halimo kwenye kitabu.

Mwaka Mpya wetu sitakuja. Usinikunjie uso, najua unakunja sasa hivi. Kazi haijaisha, na nikija ni shangazi zangu na majirani wote wananiuliza mume yuko wapi, kama vile nimemsahau kwenye treni. Nitakuja kiangazi, ukishamaliza mtihani, tutakaa mwezi mzima. Nimemtumia Bibi fulana nyekundu ya pamba, ya kuvaa ndani. Baba yako kaniambia Bibi ana kikohozi kidogo, si kitu.

Soma kifungu kimoja kila asubuhi kabla ya uji. Kimoja tu, lakini kwa makini.

Guiping


Bweni la wasichana, 16 Februari

Shikamoo Shangazi, na heri ya mwaka mpya,

Tumerudi shuleni. Getini wamebandika ubao mwekundu unaohesabu siku zilizobaki, na mlinzi ndiye anayebadilisha namba kila asubuhi, kwa furaha ambayo sielewi anaitoa wapi.

Sikukuu ilikuwa nzuri. Mama alikuja, akalala siku mbili mfululizo, ya tatu akapika. Bibi aliivaa fulana yako juu ya nguo zote ili watu waione. Tukamwambia ni ya ndani. Akasema, "Ya ndani ataiona nani?" Usiku wa mkesha alikuwekea bakuli na vijiti mezani, mahali pako pale karibu na dirisha, akakutilia nyama. Baadaye akaila yeye mwenyewe, akasema wewe ulikuwa huipendi yenye mafuta.

Anakohoa, Shangazi. Baba anasema ni baridi. Hataki kupelekwa hospitali ya wilaya, anasema mpaka miti ya pilipili ichipue. Mpigie simu Baba umwambie ampeleke kwa nguvu. Wewe anakusikiliza.

Ufahamu nimepata thelathini na nne. Mwalimu Kou aliikagua karatasi yangu mara mbili, nadhani alifikiri nimemwibia Miaomiao majibu.

Yanqiu


Bweni la wasichana, 16 Machi

Shikamoo Shangazi,

Mwezi mzima sijapata barua yako. Labda posta. Labda kazi. Naandika tena.

Baba alikuja jana bila kuniarifu. Mlinzi hakumruhusu kuingia, tukaongea kupitia vyuma vya geti. Kaniletea mikate ya mvuke na chupa ya pilipili za kukaanga. Nywele zimemfunika masikio, ndevu zimemtoka kama mbuzi. Nikamwambia, "Baba, wanaume wote wa wilaya hii wamenyoa siku ile joka linapoinua kichwa, siku ya kunyoa kutafuta bahati, wewe ulikuwa umejificha wapi?" Akasema kinyozi amehamia mjini kwa mwanawe. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikamuuliza Bibi hajambo? Akasema hajambo, soma. Nikamuuliza kikohozi? Akasema soma. Kisha akasema nisirudi nyumbani mapumziko haya, mlima umeporomoka, barabara haipitiki. Akaondoka hata maji hakunywa. Alikuja na basi la asubuhi, akarudi na hilohilo la jioni.

Wiki ijayo tunafanya moko, mtihani wa majaribio. Niombee.

Yanqiu


Xi'an, 22 Machi
(barua hii haikutumwa)

Qiu, mwanangu,

Bibi yako amefariki. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi leo, na kila mara nachukua karatasi nyingine.

Alifariki wiki moja baada ya wewe kurudi shuleni. Mapafu. Amezikwa juu ya shamba la pilipili, kando ya babu yako. Baba yako amesema usiambiwe mpaka mtihani uishe, mama yako amekubali, kijiji kizima kimekubali, na Mwalimu Kou amepigiwa simu naye amekubali. Ndivyo tunavyofanya sote, mtoto wa mtihani haambiwi msiba. Rafiki yangu mmoja alizikiwa baba yake hivyo, akajua baada ya wiki tatu, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa yeye. Baba yako analia kwenye simu, anasema, "Dada, huyu mtoto kalelewa na Mama. Akijua sasa, ataacha kalamu. Na Mama mwenyewe aliomba jambo moja tu, Qiu aingie chuo."

Alivua nguo nyeupe za msiba ili aje kukuona. Alibandua na kitambaa cheupe kwenye viatu. Lakini kunyoa hawezi, mtoto hanyoi kichwa mpaka siku ya mia ya mama yake ipite. Akaja shuleni hivyohivyo na nywele zake, yule bwege, kisha akanipigia kujisifu kwamba hukushtuka.

Nami natakiwa niendelee kukuandikia kama kawaida. Wamesema, wewe ndiye unayejua kuandika. Sijui kama naweza. Nataka kulia na mtu aliyempenda, na wewe ndiye huyo mtu, na ndiye pekee nisiyeruhusiwa kulia naye.


Xi'an, 25 Machi

Marahaba mwanangu Qiu,

Posta haina kosa, kosa ni langu. Nilikwenda nyumbani kidogo mwishoni mwa Februari, kazi ilipopungua, na niliporudi nikakuta meza imejaa. Nilifika nyumbani siku ya theluji, nikalala kwenye kitanda cha Bibi yako kama nilipokuwa mdogo. Hajambo. Kikohozi kimetulia. Daktari alisema asitoke nje kwenye upepo, naye anatoka nje kwenye upepo, basi ujue amepona.

Barabara ni kweli imeporomoka. Baba yako msamehe nywele. Mwanamume asiye na mke nyumbani anakuwa hivyo.

Moko ilikuwaje? Nakutumia vifungu vitano. Cha nne ni kigumu, mwandishi anazunguka sana. Usimwamini anachosema, tazama anachofanya.

Guiping


Bweni la wasichana, 20 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nashukuru kwa vifungu. Cha nne nilipata vyote.

Moko nimepata arobaini na moja. Mwalimu Kou ameacha kunitania. Jana aliniletea yai la kuchemsha, akaliweka juu ya dawati langu, akaenda kumgombeza mtu mwingine. Miaomiao anasema labda anataka kuniposa kwa ajili ya mpwa wake.

Sikukuu ya kufagia makaburi ilipita. Sisi wa mwaka wa mwisho hatukupewa ruhusa.

Shangazi, sitarudi nyumbani mpaka mtihani. Usijali, sitamsumbua Baba tena kuhusu barabara. Ila nina ombi. Uniandikie habari za Bibi. Wewe unampigia Baba simu kila wiki, muulize. Anaamka saa ngapi siku hizi? Anakula nini? Fulana bado anaivaa juu? Amegombana na nani? Andika kwa urefu, usiihurumie karatasi. Vifungu vya Kiingereza ninavyo vya kutosha, barua hii ijayo usitume hata kimoja. Nitumie Bibi tu.

Yanqiu


Xi'an, 11 Mei

Qiu mwanangu,

Umesema kwa urefu, basi kaa vizuri.

Anaamka kabla ya jogoo, kwa sababu anasema jogoo huyu wa sasa ni mvivu na siku moja atamla. Anawasha moto, anachemsha maji, anakunywa kikombe cha kwanza akiwa amesimama mlangoni kutazama nani kaamka na nani bado kalala. Akiona moshi haujatoka kwa jirani, anampigia kelele. Anakula uji wa mtama na kachumbari yake ya turnipu, jioni tambi, kidogo. Meno yanamsumbua, hakuna jipya.

Fulana anaivaa juu. Joto limeanza na bado anaivaa. Baba yako kamwambia, "Mama, watu watasema hatukununulii nguo nyingine." Akajibu, "Waseme, mradi wameiona."

Miti ya pilipili imechipua. Anakwenda kuitazama asubuhi, hachumi bado, anashika tu majani anasaga kidogo kwa vidole ananusa. Anasema mwaka huu zitakuwa kali za kufisha ganzi ulimi wa diwani. Jumapili aligombana na redio kuhusu hali ya hewa. Redio ilisema mvua, yeye akasema hakuna, mvua ikanyesha, akasema ni ya kupita tu.

Anakutaja kila siku. Hasemi "mtihani," anaogopa kuuletea mkosi, anasema "lile jambo la Qiu." Ameweka mayai pembeni kwa ajili ya siku utakayorudi na hataki mtu ayaguse.

Ndiyo hivyo. Mimi niko salama. Nimeandika hii mahali pamoja bila kusimama, na chai yangu imepoa.

Fanya kazi yako, mwanangu. Siku ya Kiingereza soma maswali kwanza, kifungu baadaye.

Guiping


Bweni la wasichana, 10 Juni

Shikamoo Shangazi,

Tumemaliza jana. Watu wamerusha vitabu kutoka ghorofa ya tatu, uwanja mzima ni mweupe, matroni anafagia huku anatukana. Baadhi ya hivyo vitabu ni vyako. Vyangu sijavirusha.

Kiingereza kilikuwa rahisi. Nakuambia mapema ili usome haya mengine bila wasiwasi.

Shangazi, najua kuhusu Bibi. Nimejua tangu Baba alipokuja getini. Sikujua palepale, palepale nilicheka kweli. Nilijua nikiwa narudi darasani na mikate yangu. Kinyozi wa kijijini hana mtoto, Shangazi. Na Baba hajawahi kuikosa siku ya kunyoa hata mwaka ule alipovunjika mguu, alibebwa. Nikasimama kwenye ngazi, kengele ikalia, nikaenda kufanya zoezi la ufahamu kwa sababu ndilo lililokuwa mezani. Nilipata vyote. Nilijichukia kwa kupata vyote.

Halafu barua yako ikaja, imesema kikohozi kimetulia. Nikaelewa kwamba mmepatana kunificha. Nilikasirika siku kadhaa, nilikasirika sana, nilitaka kukuandikia matusi. Kisha nikafikiria jinsi ulivyokuwa umekaa huko unayaandika yale, peke yako na paka.

Siku ya kufagia makaburi nilikwenda nyuma ya chumba cha kuchemshia maji. Sikuwa na karatasi za kuwachomea wafu, shuleni haziuzwi. Nikachoma mazoezi yangu ya Kiingereza, yale niliyopata alama nzuri. Matroni akanikamata. Akasema, "Wewe mwendawazimu, kila mwaka lazima mmoja wenu achome vitabu." Nikamwambia nisamehe, presha ya mtihani. Bibi hajui Kiingereza, sijui kama alipokea kitu cha maana.

Sikulia. Miaomiao yuko kitanda cha juu yangu, mabinti wanane chumbani, mtu ataanzia wapi?

Utaniuliza, kama nilijua, kwa nini nikakuomba uniandikie habari zake. Kwa sababu kwenye barua yako alikuwa anaamka. Nimeisoma ile ya Mei kila asubuhi kabla ya uji, badala ya kifungu. Anaamka, anachemsha maji, anasimama mlangoni. Nilijua unatunga. Sikutaka uache.

Kesho naenda nyumbani. Baba atakuwa kituoni, najua atakuwa amenyoa. Nitamwacha aniambie mwenyewe, nitajifanya sijui. Ameteseka vya kutosha.

Lakini wewe nimekuambia.

Mwanao,
Yanqiu


Xi'an, 26 Juni

Qiu,

Leo salamu nitaziacha.

Baba yako kapiga simu jana, matokeo yametoka. Anasema Kiingereza chako ni kikubwa kuliko Hesabu na Xi'an unaingia bila kusukumwa. Alikuwa anapiga kelele kwenye simu, kisha akanyamaza, nikajua ametazama kitanda cha Mama. Nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi mpaka nimekaa chini.

Barua yako imenikuta zamani. Nimeshindwa kuijibu mpaka leo, kwa sababu kuna jambo moja ambalo hata wewe hukulikisia, nami nilitaka kulificha mpaka kufa kwangu.

Umefikiri nilikuwa natunga kwa kuwa nilimwona na sikuweza kusema nilichokiona. Sikumwona. Baba yako hakuniambia mimi pia. Kila nilipopiga simu alisema ni baridi tu, Dada, maliza vitabu vyako, Mama mwenyewe amesema usisumbuliwe. Na ni kweli alisema hivyo, Mama yangu huyo. Nilipoitwa alikuwa ameshakata roho. Theluji ilifunga njia ya mlimani, nikatembea kipande cha mwisho kwa miguu, na nilipofika jeneza lilikuwa limepigiliwa misumari. Mtabiri alikuwa amechagua saa ya kuzika, hawakuweza kungoja. Niliwaomba wafungue. Wazee wakasema haifai. Nikapiga magoti mbele ya mbao.

Nililala kitandani kwake, hilo sikukudanganya. Kilikuwa baridi, hakuna aliyekumbuka kuwasha moto.

Kwa hiyo uji wa mtama, jogoo mvivu, majani anayonusa, yote nimeyatoa kwenye utoto wangu. Huyo ni Mama wa miaka thelathini iliyopita. Wa sasa simjui. Mara ya mwisho nilimwona Mwaka Mpya wa mwaka juzi, na hata siku ile nilikuwa na kompyuta mapajani, nasahihisha. Miezi yote hii umeniomba habari zake mimi, na wewe ndiye uliyekuwa nazo.

Sikukuu hii ulikuwa naye. Ulikaa naye kwenye kile kitanda, ulimsikia akicheka, ulimwona ameivaa ile fulana. Niandikie. Alikuwa amekonda? Bado anatafuna upande mmoja? Aliposema mimi siipendi nyama yenye mafuta, alisema kwa hasira au kwa kawaida tu? Alikuwa ananitaja, au alikuwa ameshachoka kunitaja?

Usinitungie. Kama alinilalamikia, andika alivyolalamika, neno kwa neno. Kama hukumbuki jambo, sema hukumbuki.

Nimeomba likizo, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nitafika nyumbani wiki ya pili ya Julai. Lakini usingoje nifike, mbele ya watu nitashindwa kusikiliza. Andika sasa, itume leo. Mimi niko hapa, nikitoka kazini nashuka kutazama sanduku la barua.

Shangazi yako,
Guiping